Mbung'o Walivyotoweka Unguja

Ndugu msomaji, kama wewe ni mkazi wa Unguja, au umepata kufika huko, bila shaka umekutana na gari la ng'ombe njiani: dume mmoja mwenye nundu, na nyuma yake gari la magurudumu mawili limejaa mawe, kuni au nazi. Umempisha, ukaendelea na safari yako. Tena, ukiwa barazani katika Mji Mkongwe, umekunywa chai ya maziwa, wala hukuuliza maziwa yale yametoka wapi. Mambo ya kila siku hatuyaulizi.

Leo twataka uyaulize. Maana ng'ombe yule avutaye gari, na mwenziwe aliyetoa maziwa, wana habari ndefu nyuma yao. Ni habari ya mdudu mmoja mdogo aliyewatesa wafugaji wa Unguja kwa miaka mingi, na ambaye sasa hayuko tena kisiwani. Hakuondoka kwa uganga wala kwa bahati. Alimalizwa kwa elimu, na elimu yenyewe si moja. Ilibidi watu waujue moyo wa ng'ombe, walijue tumbo la nzi, tena wajue tabia ya madini. Huenda ukaona kwamba mambo hayo matatu hayahusiani hata kidogo. Soma polepole, nawe utaona jinsi yalivyofungamana.

MDUDU MWENYEWE

Mdudu huyo ni mbung'o. Katika Afrika nzima wako mbung'o wa aina zipatazo 30. Unguja ilikuwa na aina moja tu, ambayo wataalamu huiita Glossina austeni. Huyu hapendi jua kali wala mahali peupe. Makao yake ni vichaka vizito vya pwani na misitu yenye kivuli, kama ule msitu wa Jozani. Dume na jike wote wawili hunywa damu, wala hawana chakula kingine.

Basi ubaya wa mbung'o ni nini? Kuuma kwake kwauma kweli, lakini hilo ni jambo dogo. Ubaya wake ni abiria anaowachukua. Anapomnyonya mnyama mgonjwa, huingia tumboni mwake pamoja na damu vijidudu vyembamba visivyoonekana kwa macho, viitwavyo tripanosoma. Kuna aina ambayo huzaana kwanza katika utumbo wa mbung'o, halafu husogea mbele mpaka mdomoni mwake. Siku atakapomwuma ng'ombe mzima, ng'ombe huyo hupandiwa ugonjwa.

Ugonjwa huo katika mifugo huitwa nagana, na jina hili limetoka kwa Wazulu wa Afrika ya Kusini. Huko ndiko daktari mmoja wa jeshi la Waingereza, David Bruce, alikoviona vijidudu hivyo katika damu ya ng'ombe mwaka 1895, akathibitisha ya kwamba mbung'o ndiye mchukuzi wao. Malale, ugonjwa wa usingizi unaowapata wanadamu katika sehemu nyingine za Afrika, nao huletwa na vijidudu vya jamaa hiyo hiyo. Unguja msiba ulikuwa wa mifugo.

NINI HUMPATA NG'OMBE?

Mfugaji akiamka asubuhi humkuta ng'ombe wake amesimama peke yake, kichwa chini, nywele zimesimama. Ana homa, kisha homa hupoa, kisha hurudi. Anakula, lakini anakonda. Maziwa yanapungua, mimba inatoka. Ukimfunua ukope, ndani pake ambapo hupaswa kuwa pekundu pamekuwa peupe. Hiyo ndiyo dalili ya kupungukiwa na damu.

Ukichukua damu ya ng'ombe mzima ukaizungusha kwa nguvu katika kijibomba chembamba cha kioo, chembe nyekundu hushuka chini, na utaona kuwa ni kiasi cha theluthi moja hivi ya damu yote. Damu ya ng'ombe mwenye nagana haifiki hapo. Chembe zake nyekundu zimevunjwa.

Sasa fikiri habari ya moyo. Chembe nyekundu ndizo zichukuazo hewa safi kutoka mapafuni na kuipeleka mwilini. Zikiwa chache, moyo hauna budi kufanya kazi maradufu ili hizo chache zizunguke mara nyingi zaidi. Daktari wa mifugo huweka kipimo chake upande wa kushoto wa ng'ombe, nyuma kidogo ya kiwiko cha mguu wa mbele, akasikiliza. Moyo wa ng'ombe mzima aliyetulia hupiga yapata mara 50 hadi 80 kwa dakika. Moyo wa mgonjwa wa nagana hukimbia hata akiwa amelala kivulini. Mshipa mkubwa wa shingo huvimba, na waweza kuuona ukitutuma.

Tena si kuchoka tu. Ugonjwa ukikaa muda mrefu, nyama ya moyo yenyewe huingia uvimbe na kuharibika. Moyo hutanuka kama mfuko mkuukuu, nguvu za kusukuma damu zikapungua. Ndipo maji hujaa chini ya kidari. Ng'ombe wengi wanaokufa kwa nagana ya muda mrefu huuawa na moyo uliokwisha nguvu. Ndiyo sababu mtu aliweza kumfunga dume wake garini asubuhi, akimwona amekonda tu, na kabla ya kufika mjini dume akaanguka njiani na mzigo wake, asiinuke tena.

Wewe uliye na jamaa shamba wajua maana ya jambo hili. Ng'ombe kwa mkulima ni zaidi ya kitoweo. Ndiye maziwa ya mtoto, ndiye samadi ya mihogo na migomba, ndiye mchukuzi wa mizigo, tena ndiye akiba ya siku ya shida. Ng'ombe akifa, karo ya mtoto imekwenda naye.

WATU WA KALE WALIJARIBU NINI?

Nje kidogo ya Mji Mkongwe, kwenye njia iendayo Bububu, iko nyumba kubwa inayojulikana kwa jina la Livingstone. Katika nyumba hiyo msafiri David Livingstone alikaa mwaka 1866, akijitayarisha kwa safari yake ya mwisho ya bara. Katika safari hiyo alichukua ngamia, nyumbu, punda, na nyati wa kufugwa kutoka Bara Hindi. Nyati wale alitaka kuwajaribu: je, wataweza kustahimili kuumwa na mbung'o kuliko ng'ombe? Alishukia pwani ya kusini na kufuata upande wa mto Ruvuma. Wanyama walikufa mmoja baada ya mwingine, ingawa mwenyewe aliona pia kwamba walipigwa na kutumikishwa vibaya na watu waliowachunga.

Tangu zamani Livingstone alikuwa amefikiri habari ya dawa. Mwaka 1858 habari zake zilipigwa chapa Uingereza, akieleza jinsi alivyompa arseniki farasi aliyeumwa na mbung'o. Arseniki ni madini, na ni sumu kali. Farasi alipata nafuu kwa muda, kisha akafa. Lakini fikira hiyo haikufa. Mwaka 1906 daktari Mjerumani Robert Koch alikwenda visiwa vya Sese katika ziwa Viktoria, Uganda, akawadunga wagonjwa wa malale dawa iliyotengenezwa kwa arseniki, iitwayo Atoksili. Wengi walipata nafuu. Lakini baadhi yao walipofuka macho. Basi elimu ya madini ilianza kazi hii kwa kuuma pande mbili, kama kisu kisicho na mpini.

Baadaye zikapatikana dawa nyingine nzuri zaidi za kudunga ng'ombe. Dawa hizi hutumika mpaka leo, lakini zina kasoro moja: zamtibu ng'ombe, hazimwondoi mbung'o. Ng'ombe akipona leo huweza kuumwa tena kesho. Na vijidudu vikizoea dawa, dawa hukosa nguvu.

Mwaka 1988 kazi ilianza Unguja kwa njia nyingine. Ng'ombe walimiminiwa mgongoni dawa ya kuua wadudu, hata mbung'o akitua kunyonya, afe. Katika sehemu za misitu vilitundikwa vitambaa vilivyotiwa dawa. Mbung'o walipungua sana, na wafugaji walishukuru. Lakini hawakwisha. Kwa nini? Kwa sababu mbung'o wa Unguja hamtegemei ng'ombe peke yake. Ndani ya misitu wamo nguruwe mwitu, na damu yao yampendeza sana. Nani atamshika nguruwe mwitu ammiminie dawa mgongoni? Palepale walipobaki mbung'o wachache ndipo mbegu ya taabu ilipobaki.

TUMBO LA MBUNG'O

Adui akikushinda kwa nguvu, chunguza maisha yake. Wataalamu walikuwa wamemchunguza mbung'o kwa miaka mingi, na wakaona maajabu.

Nzi wa nyumbani hutaga mayai mengi sana. Mbu naye vivyo hivyo. Mbung'o hatagi mayai. Jike hubeba mtoto mmoja tu tumboni mwake, akamlisha humo humo kwa maziwa yanayotoka katika tezi yake mwenyewe. Ndiyo, msomaji, mdudu huyu hunyonyesha! Kila baada ya siku 9 au 10 hivi humzaa funza mmoja mnene, ambaye hujichimbia ardhini mara moja, akageuka kuwa bundo gumu jeusi. Yapata mwezi mmoja baadaye hutoka mbung'o kamili. Kwa maisha yake yote jike hupata watoto wachache tu, labda wanane au kumi, akibahatika kuishi sana.

Ajabu ya pili imo katika utumbo wake. Damu ni chakula kizuri, lakini haikamiliki. Vitamini za jamaa ya B hazimo za kutosha. Mbung'o huzipata wapi basi? Mwaka 1929 Mwingereza Vincent Wigglesworth, alipokuwa akichunguza jinsi mbung'o anavyoyeyusha damu, alieleza habari za vijidudu vinavyokaa katika sehemu maalumu ya utumbo wake wa mbele. Mwaka 1995 kijidudu hicho kilipewa jina kwa heshima yake, kikaitwa Wigglesworthia. Kazi yake ni kutengeneza zile vitamini zilizopungua. Mama humpa mtoto wake vijidudu hivi kwa njia ya maziwa, kama tunavyorithishana mbegu za shamba. Vikiuawa vyote tumboni, mbung'o jike huwa tasa.

Jambo hili lina mfano wake kwa ng'ombe mwenyewe. Ng'ombe naye ana vijidudu visivyohesabika katika tumbo lake kubwa. Ndivyo vinavyoyageuza majani kuwa chakula, na ndivyo vinavyomtengenezea vitamini iitwayo B12. Lakini ili viitengeneze vinahitaji chembe kidogo sana za madini ya kobalti kutoka katika majani na udongo. Enzi ya ukoloni, ng'ombe katika sehemu za Nakuru, Kenya, walikuwa wakikonda na kufa katikati ya malisho mazuri. Chanzo chake hasa kilikuwa upungufu wa kobalti ardhini. Mwaka 1956 mwanamke wa Uingereza, Dorothy Hodgkin, alitangaza umbo kamili la vitamini B12, na katikati yake kabisa imekaa chembe moja ya kobalti kama kito katika pete.

Likumbuke jina hilo, kobalti, maana tutalikuta tena sasa hivi.

Ajabu ya tatu ndiyo iliyomponza mbung'o. Jike kwa kawaida huolewa mara moja tu. Akishapandwa na dume mmoja, huiweka mbegu ile katika kifuko mwilini mwake, akaitumia maisha yake yote. Basi ikiwa mume aliyempata ni tasa, maisha yake yote hatazaa.

FIKIRA YA KUTUMIA MADUME TASA

Katika miaka ya 1940, huko Tanganyika, F. L. Vanderplank wa kituo cha uchunguzi cha Shinyanga aliona kwamba mbung'o wa aina mbili mbalimbali wakipandana, uzazi wao huharibika. Akapeleka mbung'o wa aina moja mahali palipokuwa na wengine wa aina nyingine, na wale wenyeji wakapungua sana. Huko Marekani mtaalamu Edward Knipling alikuwa na fikira iliyokaribiana na hiyo, juu ya nzi mwingine ambaye funza wake hula vidonda vya ng'ombe. Swali lake lilikuwa hili: twawezaje kuwafanya madume wengi kuwa tasa bila kuwaua?

Jibu lilitokana na elimu ya madini. Tangu mwaka 1927 ilijulikana, kwa kazi ya Hermann Muller, kuwa mionzi huharibu mbegu za uzazi za wadudu. Na yako madini yanayotoa mionzi mikali. Kobalti ile ile anayoihitaji ng'ombe, ikiwekwa ndani ya tanuri la atomu, hugeuka kuwa kobalti-60, ambayo hutoa mionzi iitwayo gama. Nguvu yake hupungua kwa nusu katika muda wa miaka mitano na kidogo, na yenyewe hugeuka polepole kuwa nikeli. Madini mengine yatumikayo hivyo ni kaesi. Madini haya ni ya hatari, nayo hufungwa ndani ya risasi nene. Lakini mdudu aliyepigwa na mionzi ya gama hawi na sumu, wala haachi mionzi kokote aendako. Ni kama mtu aliyeota jua: haendi nalo nyumbani.

Kazi ni kupima. Mionzi ikiwa kidogo, dume atazaa. Ikizidi, dume atakuwa dhaifu, wala hataweza kuruka kumtafuta jike. Yatakiwa mionzi inayovunja mbegu, nayo ikauacha mwili na nguvu zake. Mwaka 1954 njia hii iliwamaliza wale nzi wa vidonda katika kisiwa cha Curaçao, bahari ya Karibi. Je, yaweza kufanywa Afrika, kwa mbung'o?

TANGA MPAKA UNGUJA

Mwaka 1994 kazi hiyo ilianza, kwa ushirikiano wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomu na serikali za Tanzania na Zanzibar. Mbung'o walifugwa katika kituo cha uchunguzi wa mbung'o huko Tanga, ng'ambo ya bahari. Ndiyo, walifugwa kama kuku! Walikaa katika vizimba vidogo na kulishwa damu iliyowekwa chini ya utando mwembamba ulio mfano wa ngozi, wakatoboa na kunyonya. Kila siku ilikuwa lazima joto liwe sawa, unyevu uwe sawa, damu iwe safi. Siku moja ya uzembe ingeweza kuangamiza kazi ya miezi.

Madume walipigwa mionzi, wakatiwa alama kwa unga wa rangi ing'aayo ili wakinaswa baadaye watambulikane na wenyeji. Labda wewe utauliza, kama walivyouliza wengi: "Je, si ni wazimu kumwaga mbung'o wengine juu ya ng'ombe wetu? Nao si huuma?" Swali ni la haki. Dume huuma kweli. Kwa hiyo kabla ya kufunguliwa, madume hulishwa damu iliyotiwa dawa ya kuua tripanosoma, ili asiwepo abiria tumboni mwao.

Mara mbili kila juma eropleni ndogo ilikata anga la Unguja, ikienda na kurudi katika njia zilizopimwa, kila njia ikiwa mbali na mwenzake kwa kilometa 1 au 2. Maboksi madogo ya karatasi ngumu yaliachiliwa kutoka juu, na mbung'o wakatawanyika juu ya mashamba, vijiji na misitu. Tangu Agosti 1994 mpaka Desemba 1997 walimwagwa madume tasa zaidi ya milioni 8 na nusu.

HESABU YA NDOA

Sasa tufanye hesabu ndogo. Mwaka 1995 ulipofika katikati, kwa kila dume mmoja mwenyeji walikuwako madume tasa zaidi ya 50. Chukua majike 51 wanaotafuta mume. Kwa hesabu ya kawaida, ni mmoja tu kati yao atakayempata mwenyeji mwenye uzazi. 50 wengine wameolewa na matasa. Mwaka ulipokwisha, matasa walikuwa zaidi ya 100 kwa kila mwenyeji mmoja.

Lakini hesabu ya karatasini haitoshi, yataka ushahidi. Wataalamu walinasa mbung'o kwa vibao vya rangi ya buluu na nyeupe vilivyopakwa gundi, wakawapasua majike chini ya hadubini na kutazama mji wa uzazi. Mwanzo wa mwaka 1995, katika majike vijana walionaswa, wasiofika robo walikuwa na yai lililokufa au mji mtupu. Robo ya mwisho ya mwaka huo, walipita 70 katika kila 100. Tena waliokuwa wakinaswa sasa walikuwa wengi wao vikongwe. Msomaji, fikiri kijiji ambacho ukipita huoni mtoto hata mmoja, waona wazee tu. Utajua mwisho wa kijiji hicho.

Mwanzo wa mwaka 1996 mbung'o wa Unguja waliporomoka. Dume wa mwisho mwenyeji alinaswa Agosti mwaka huo. Jike wa mwisho alinaswa mwanzo wa Septemba. Baada ya hapo vibao vilitazamwa na kutazamwa tena, na mwenyeji hakuonekana. Hata hivyo wataalamu hawakuharakisha kupiga vigelegele. Waliendelea kumwaga matasa mpaka Desemba 1997, muda ambao ungetosha mbung'o kuzaana vizazi sita. Ndipo Unguja ikatangazwa kuwa haina mbung'o tena.

Angalia vizuri jambo hili: njia ya dawa hupungukiwa na nguvu kadiri wadudu wanavyokuwa wachache, maana wachache hujificha. Njia ya madume tasa huzidi nguvu wadudu wakiwa wachache, maana dume hana kazi nyingine ila kumtafuta jike, nao wanajuana hata katikati ya kichaka cha Jozani. Dawa ilianza, matasa wakamaliza. Kimoja bila kingine kisingefaa.

KWA NINI BARA WASIFANYE VIVYO HIVYO?

Swali hili ni zito, na yafaa tuliseme wazi. Unguja ni kisiwa; ukubwa wake ni kilometa za mraba zipatazo 1,650, na bahari imeizunguka pande zote. Mbung'o wa bara hawezi kuruka akavuka. Tena aina ilikuwa moja tu. Bara si hivyo. Huko mbung'o wa aina mbili au tatu huweza kuishi pamoja, na ukisafisha wilaya moja, wengine huingia kutoka wilaya ya jirani. Gharama nayo ni kubwa, na wako wataalamu wanaosema kwamba fedha hiyo yafaa zaidi kutumika kwa dawa na mitego ambayo wafugaji wenyewe huweza kuiangalia. Wengine hujibu kuwa kupunguza bila kumaliza ni kulipa kodi isiyokwisha. Mabishano hayo hayajaisha.

Lakini habari ya Unguja ilisikika mbali. Mwaka 2000 wakuu wa nchi za Afrika, katika mkutano wao wa Lomé, Togo, waliazimia kushirikiana kuondoa mbung'o barani. Njia ya madume tasa imetumika pia Ethiopia, na katika sehemu ya Niayes huko Senegali. Hatua ni za polepole, kwa maana bara ni kubwa na mikoba si mizito.

UNGUJA WALIPATA NINI, NA WABAKIWA NA NINI?

Mashamba yaliyokuwa hayafai kufuga ng'ombe wa maziwa kwa sababu ya mbung'o sasa yafaa. Mkulima aliye karibu na msitu aweza kumfunga dume wake garini bila kuhofu kuwa moyo utamwishia njiani. Maziwa, samadi na kazi ya kuvuta, vyote vitatu hutoka kwa mnyama mmoja mwenye damu ya kutosha.

Lakini usidhani, ndugu msomaji, kwamba ng'ombe wa Unguja hana adui tena. Kupe wangalipo, na ndigana kali wanayoileta huua, hasa ndama na ng'ombe wa maziwa wa kizungu. Nagana yenyewe bado ipo bara, si mbali. Mnyama aletwaye kwa jahazi au meli aweza kuja na vijidudu katika damu yake, na aina moja ya vijidudu hivyo huweza hata kuchukuliwa na chafuo, kwa kutoka ng'ombe huyu na kumwuma yule papo hapo. Kwa hiyo ukinunua ng'ombe kutoka bara, usimfiche. Mwonyeshe bwana mifugo kwanza, apimwe damu, akae mbali na wenziwe mpaka ajulikane hali yake. Na ukimwona ng'ombe wako ana ukope mweupe, anatweta akiwa amesimama, na mshipa wa shingo umevimba, usimfunge garini siku hiyo. Mwite mtaalamu. Ng'ombe hawezi kukwambia kuwa moyo wake umechoka.

Ukipita Jozani, watazame kima punju juu ya miti, usikilize ndege. Kisha kumbuka kuwa katika kivuli kile kuna mmoja asiyekuwapo. Wazee husema haba na haba hujaza kibaba. Mbung'o wa Unguja walikwisha kwa haba na haba namna hiyo hiyo: chembe ya madini isiyoonekana, kijidudu katika utumbo wa nzi, kibao cha gundi kilichotazamwa kila juma, na watu wa Tanga waliolisha nzi kila siku bila kukosa. Jioni ya leo ukishika kikombe chako cha chai ya maziwa, wakumbuke nao.